Kola Sita Zenye Doa

Kwenye geti la kiwanda cha sare za shule palikuwa na bango kubwa lililochorwa kwa rangi za kung'aa. Mwanamke kakaa kwenye cherehani, anacheka meno yote nje, na mapajani kampakata mtoto mnene, naye anacheka. Chini yao maneno: KAZI NYUMBANI, MAMA KARIBU NA MWANAWE. Mama Pacha alipolisoma mara ya kwanza alilikazia macho kwa muda, kisha akasema peke yake, "Aliyechora hili hajawahi kuona sindano inavyotembea." Maana mtoto ukimpakata kwenye cherehani inayokwenda, hakawii kupeleka kidole pasipotakiwa.

Lakini kazi aliitaka. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja, ana mapacha wa miaka miwili, na hakuwa na mtu wa kumwachia. Mapacha wenyewe walikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Wa kike mtaa mzima ulimwita Kishindo, kwa sababu popote alipo utajua. Wa kiume aliitwa Kimya, na huyo ndiye wa kuogopwa, kwa sababu popote alipo hutajua mpaka uharibifu uwe umekwisha.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya kola. Mashati yalikatwa na kuunganishwa kiwandani kwa mashine za umeme, lakini kola zilipelekwa majumbani, kwa kuwa kola inataka subira. Uishone kwa ndani, uigeuze, usukume pembe zake kwa kijiti butu mpaka zichongoke bila kutoboka, halafu upitishe mshono wa juu ukingoni bila kuyumba. Ukiyumba, mtoto wa watu atavaa shati lililopinda shingo mwaka mzima. Kila Alhamisi dereva wa kiwanda alileta furushi la kola mbichi na kuchukua zilizokwisha. Furushi la Mama Pacha lilikuwa na kadi yenye namba yake, Kumi na Nne. Na cherehani ilikuwa ya kiwanda. Nyeusi, ya kukanyaga kwa mguu, ameazimwa kwa muda wa kazi tu. Siku namba ikifutwa, cherehani inapanda gari, na jiko la Mama Pacha linazimika. Hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Pamoja na cherehani alipewa karatasi ya masharti. Alisoma taratibu, kwa kidole, kama alivyofundishwa shuleni. Mtoto asionekane kwenye chumba cha kazi. Kazi isifanywe na mtu mwingine yeyote. Anayenyonyesha hapewi kazi mpaka mtoto atimize mwaka.

"Chumba cha kazi," alisema Mama Pacha, akatazama alipokaa. Alikuwa na chumba kimoja na kiukumbi ambacho mtu mzima akijinyoosha miguu inagonga mlango. Kiukumbi hicho asubuhi kilikuwa cha kazi, mchana cha kulia, jioni cha kuogeshea watoto. Sasa Kishindo na Kimya wakae wapi, darini?

Akafanya alivyoweza. Aliziba pedali kwa kipande cha boksi ili vidole visiingie, akainua cherehani juu ya matofali mawili, akachora mstari wa chaki sakafuni na kuwaambia wanawe kwamba ng'ambo ya mstari kuna nyuki. Kishindo aliuogopa mstari siku tatu. Kimya aliufuta kwa kitako.

Msimamizi wa kazi za nyumbani alikuja kukagua. Ni mwanamke mrefu, mnyamavu, ambaye hajapata kuonekana bila utepe wa kupimia shingoni, na wanawake wakamwita Bi Futi, lakini nyuma ya mgongo wake. Bi Futi alipima umbali kutoka cherehani mpaka jiko, akapima upana wa mlango, akaandika. Mapacha walikuwa wamefichwa kwa jirani. Kwenye kamba ya nguo zilikuwa zimeanikwa suruali mbili ndogo, zinachuruzika maji. Bi Futi aliziangalia, Mama Pacha akamwangalia Bi Futi, kisha Bi Futi akafunga daftari lake.

Wa kwanza kuonja ule ukali wa karatasi alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Naye alikuwa mshona kola, namba Ishirini na Moja. Alijifungua mtoto wa kike siku ya Jumanne. Alhamisi ya wiki iliyofuata gari likasimama mlangoni, dereva akaingia ameinamisha kichwa, akabeba cherehani. Siku tisa! Mama mwenyewe bado anatembea kwa kushika ukuta.

"Dada, mimi nimetumwa," dereva alisema.

"Najua umetumwa," wifi akajibu. "Ila shika vizuri, hiyo ikianguka mguuni nitacheka, na mimi nikicheka mshono unauma."

Mama Pacha aliyashuhudia hayo akiwa mlangoni, amembeba Kishindo mgongoni. Alikuwa mtu wa kuomba kabla ya kusema, na siku ile aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu maneno yaliyomjia mdomoni hayakuwa ya kumwambia Mungu.

Kesho yake alimwita wifi yake. "Wifi, furushi langu wanaliongeza kila wiki. Mtu mmoja mwenye watoto halimalizi hata akishonea miguu na mikono. Njoo tupokezane."

"Karatasi inakataza."

"Karatasi haina watoto."

Basi wakapokezana. Mmoja akikaa kwenye cherehani, mwenzake yuko uani na watoto watatu, anapika, anafua, anatenganisha ugomvi. Mkono ukichoka wanabadilishana. Cherehani ile haikupata kupoa. Walichopata waligawana katikati, na walicheka sana, kwa sababu wifi alikuwa na mdomo.

"Wifi, huyu Kimya wako anaangalia uzi wangu kwa jicho baya."

"Muache aangalie. Akinyamaza zaidi ya hapo ndiyo uniite."

"Sasa hivi amenyamaza zaidi ya hapo."

"Yesu, Mariamu na wote! Kimya! Toa hicho kijiti puani!"

Hivyo ndivyo zilivyoshonwa kola za watoto wa shule, na zilishonwa vizuri. Miezi minne hakuna hata moja iliyorudishwa.

Mwezi wa tano ukaja na balaa lake. Siku moja asubuhi wifi alikuwa kwenye cherehani, rundo la kola nyeupe zilizokwisha liko mapajani. Mama Pacha yuko uani na watoto. Yule mchanga akaamka akalia, kilio kile cha njaa kinachokata mtu tumbo. Na mama anayenyonyesha, asiyejua na ajue, mtoto akilia maziwa hayaombi ruhusa. Yalishuka. Kabla wifi hajainuka, blauzi imelowa, na matone yamedondokea rundo.

Wakazitoa kola juani, wakazipangusa, wakaziangalia mbele na nyuma. Zikakauka nyeupe kama karatasi. Mama Pacha alizinusa, akazigeuza, akaridhika. Ndipo walipokosea. Walizipima kwa jua, wakasahau kwamba kiwandani zinakwenda kupigwa pasi. Maziwa yakikauka kwenye kitambaa cheupe hujificha, lakini pasi ya moto ikipita juu yake, yanajitokeza, manjano, kama chai iliyomwagika. Fundi yeyote angekumbuka, kama angepata nafasi ya kukumbuka kitu.

Dereva akazichukua Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata hakuleta furushi. Alileta maneno.

"Mama, unaitwa kiwandani. Uende na kadi yako. Kuna kola sita zimechafuka." Akashusha sauti. "Na mimi nimeambiwa nirudi na gari tupu, lisubiri."

Gari tupu. Mama Pacha alielewa linasubiri kubeba nini. Wifi alisimama, mtoto yuko kifuani.

"Naenda mimi. Nitasema ni mimi."

"Utasema nini? Wewe humo hata jina huna."

"Basi sema ni uji, wifi. Watoto wako wanakunywa uji. Uji kila mtu anausamehe."

"Nitasema Mungu atakachonipa." Akafunga kitambaa kichwani, akawabusu mapacha. Hatua kumi hazijaisha, akasikia ndala nyuma yake. Wifi anafuata na kundi zima, mchanga kifuani, Kishindo mkono wa kulia, Kimya wa kushoto.

Uwanja wa kiwanda ulikuwa umejaa. Wanawake wa kola, walioitwa wote siku hiyo walete kazi wenyewe, walikuwa kwenye foleni chini ya bati, kila mmoja na furushi lake. Mbele yao paliwekwa meza, na juu ya meza kola sita zimepangwa kama samaki wa mnadani. Bi Futi alikuwa upande mmoja wa meza, utepe shingoni. Upande wa pili Bosi, mwenye kiwanda, mtu mnene mwenye mashati ya kupendeza.

"Kumi na Nne!" akaita.

"Nipo, Bosi."

"Hizi ni zako?"

"Zimetoka kwangu."

"Shule inazitaka Jumatatu. Mashati mia nne. Mimi napiga pasi, napata manjano! Tulikubaliana nini kuhusu watoto? Hii kazi ni heshima. Tunawaletea mlangoni, mnakaa na wanenu kivulini, hamsukumani barabarani, na shukrani yenyewe ndiyo hii? Mnashona huku mnalisha?"

Bi Futi alisogea karibu, akasema polepole, sauti ya mtu anayetaka jambo liishe. "Mama, ni uji, si ndiyo? Watoto walimwaga uji. Sema ni uji, omba radhi, upewe onyo moja, cherehani ibaki."

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, herufi tatu. Mama Pacha aliliona likining'inia mbele yake, akaiona na cherehani yake nyeusi juu ya matofali mawili. Nani angeumia? Uji ni kitu cha halali. Lakini alikuwa ametoka kuomba asubuhi ile ile, na alijua kwamba akisema uji, watakaolipa ni Kishindo na Kimya, ambao hawakumwaga kitu. Kesho ingeandikwa karatasi nyingine, kwamba mwenye mtoto anayekunywa uji naye hapewi kazi.

"Si uji," alisema.

Bi Futi akafumba macho.

"Ni nini basi?" Bosi akauliza.

"Muulize dada msimamizi. Anajua. Alijua tangu alipoiona."

Bosi akageuka. Bi Futi aliichukua kola moja, akapitisha kidole gumba juu ya doa, taratibu, kama mtu anayegusa kitu cha kwake. Alikuwa na watoto wawili, wakubwa sasa, waliolelewa na msichana wa kazi wakati yeye akipima milango ya wenzake. Akairudisha mezani.

"Ni maziwa, Bosi."

"Ya ng'ombe?"

Foleni nzima ikashindwa kujizuia. Kicheko kikapita kama upepo kwenye nguo zilizoanikwa. Mama mmoja mzee aliyekuwa mbele, ambaye wote walimwita Bibi Miwani, akasema kwa sauti, "Ng'ombe gani anashona kola, baba?"

Bosi akaelewa. Aliitupa kola aliyoishika, akajipangusa mkono kwenye suruali, mara mbili. "Uchafu! Uchafu mtupu! Kwenye nguo za wanafunzi!"

Hapo ndipo kilichokuwa kimefungwa kifuani mwa Mama Pacha tangu siku ile ya tisa kikafunguka. Hakupiga kelele. Wanaomfahamu wanasema ingekuwa afadhali angepiga.

"Umeita nini uchafu, Bosi? Rudia nisikie. Wewe ulikulia nini? Miezi yako ya mwanzo duniani ulikunywa soda? Hakuna mwanafunzi hata mmoja atakayevaa shati lile ambaye hakuwekewa hicho mdomoni siku aliyozaliwa. Unajipangusa mkono! Mimi nimefunza watoto wangu kujipangusa wakishika mavi, si maziwa."

"Mama, chunga ulimi..."

"Nimeuchunga miezi minne. Umetuletea kazi nyumbani. Kwa nini? Ili usitujengee chumba, usitulipie taa, usituwekee choo wala kiti. Kiti ninachokalia ni changu, mchana taa yangu ni mlango. Ulipokuja kuvitafuta hivyo nyumbani kwangu, ulivikuta. Sasa unashangaa kwamba umemkuta na mtoto? Nyumbani, Bosi! Ulitaka ukute nini, farasi? Na kule getini umechora mtoto kwenye mapaja. Huyo wa rangi hanyonyi, halii, hakojoi, huyo ndiye unayemtaka. Hawa wetu wa nyama unawataka darini."

"Karatasi ulisaini!"

"Nilisaini nikiwa na njaa. Na wewe uliandika ukiwa umeshiba."

Bosi uso ukamwiva. Akampungia dereva mkono. "Nenda kachukue cherehani! Kumi na Nne nimefuta. Na nataka nijue maziwa ya nani, kwa sababu wanao wewe ni wakubwa. Nani anashona kwenye namba yako?"

Mama Pacha akaishika kadi yake kwa mikono miwili. Kusema uongo hakutaka, na kumtaja mtu hakutaka vilevile. Ndipo sauti ikatoka nyuma, pale getini, chini ya bango.

"Mimi, Bosi. Ishirini na Moja." Wifi alikuwa amesimama na watoto watatu, blauzi imelowa tena, kwa sababu mchanga alikuwa akilia na yeye hakuwa na pa kukaa. "Ulinifuta siku ya tisa. Nakumbuka kwa kuwa nilikuwa sijaweza kukaa vizuri."

"Kumbe! Mnashona wawili kwa namba moja! Ni wizi huu!"

"Basi na mimi mwizi," akasema Bibi Miwani, akiweka furushi lake chini. "Namba Tatu. Nashona na binti yangu. Macho yangu haya yataona uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe? Nilidhani mnajua."

"Na mimi na mama mkwe," akasema mwingine, kama anayeungama.

"Mimi na jirani."

"Sisi tuko watatu, lakini wa tatu anapika tu."

Bosi aliangalia foleni ile, huku na huku. Alikuwa anaamini ana wanawake thelathini. Kumbe alikuwa na sitini na kitu, na furushi alilokuwa akiliongeza kila wiki, akijisifu kwamba wanawake wake ni hodari, halikupata kumalizwa na mtu mmoja hata siku moja.

Dereva alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani. Akachungulia dirishani. "Bosi, nichukue ipi? Au zote? Kama ni zote, gari hili halitoshi, na Jumatatu zimebaki siku nne tu."

Watu wakacheka tena, lakini Bosi alikuwa akihesabu moyoni mashati mia nne yasiyo na shingo. Unaweza kumwona mtu anavyomeza kiburi. Koo linapanda, linashuka, kama mtoto anayenyweshwa dawa. Akavuta shati lake, akakohoa.

"Haya. Sitaki maneno mengi. Mama, nimekusamehe. Chukua furushi, nenda kafanye kazi."

Yeyote mwingine angeshukuru na kuondoka. Hata Bi Futi alikwisha inama kuchukua furushi. Mama Pacha hakulipokea.

"Umenisamehe nini?"

"Mama, usinichokoze."

"Sikuchokozi. Nauliza. Msamaha mimi naomba kwa Mungu, na hili sijamwomba, kwa sababu silioni kosa lake. Kwako nataka kazi. Kuhusu wale wanaonyonyesha umesema nini?"

"Nitafikiria."

"Fikiria basi, sisi tunasubiri." Akakaa chini, palepale, kwenye saruji, mbele ya meza. Kishindo akamkimbilia akamkalia mapajani. Kimya akaingia chini ya meza. Wifi naye akakaa, akajifunika kitambaa, akamnyonyesha mwanawe, kwa sababu mtoto hakuwa na habari za mashati mia nne. Bibi Miwani akakaa. Wengine wakafuata mmoja mmoja.

Bosi alisimama pale kwa muda ambao ungetosha kugeuza kola ishirini. Mwishowe akasema kwa hasira, "Msimamizi, wape kazi hao wanaonyonyesha! Lakini kola ikichafuka, anafua mwenyewe!" Akaingia ofisini akabamiza mlango. Msamaha wake aliondoka nao, na neno "uchafu" hakulirudisha. Mama Pacha aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Bi Futi alichukua kadi namba Kumi na Nne. Kalamu ikakaa hewani kidogo. "Niandikeje?" akauliza.

"Andika ukweli, dada. Watu wawili."

Akaandika. Kisha, bila kumtazama mtu usoni, akasema, "Na mimi nilikuwa nakamua chooni. Hapa hapa. Miaka kumi na minne iliyopita. Nikamwaga kwenye sinki." Akaupanga utepe wake shingoni vizuri, akaita namba Kumi na Tano.

Mama Pacha alitaka kumhurumia, na alitaka kumuuliza, sasa kama ulikuwa unajua, mbona ulikuwa unapima milango? Akayaacha yote mawili. Alizichukua zile kola sita mezani, akazitia kwenye furushi.

Nyumbani wifi alikaa kwenye cherehani. Mama Pacha akatia maji baridi kwenye beseni la kuogeshea watoto, akazamisha kola, akapaka sabuni ya kipande, akasugua kwa kiganja. Akasuuza, akapaka tena. Mara ya tatu maji yakatoka meupe, na doa halikuwepo. Akazinyanyua juani, mbele na nyuma. Hakuna kitu. Beseni moja la maji na kipande cha sabuni, na uji jikoni ulikuwa bado haujachemka. Kiwanda kizima, na bomba lake uani, na sabuni yake, hakuna aliyefikiria kujaribu. Waliona rahisi zaidi kufuta mtu.

"Zimetoka?" wifi akauliza kutoka ndani, mguu hauachi pedali.

"Zimetoka. Zilikuwa za kutoka tangu mwanzo."

Kamba ya uani ilikuwa na nafasi. Mama Pacha aliipita, akaenda kufunga kamba nyingine mbele ya nyumba, upande wa barabara, akazianika kola zote sita pale, moja moja, nyeupe, ili kila apitaye azione. Halafu akarudi ndani kumtafuta Kimya, kwa maana alikuwa amenyamaza mno.